Bi Mkubwa Anauzwa

"Hapa panavuja," sauti ilitoka chini ya Bi Mkubwa.

Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha nyuma ya nyumba yake, mikono mgongoni, akitazama buti mbili zilizochomoza chini ya pikipiki. Mwenye buti alikuwa dada mmoja mrefu aliyekuja na glavu zake, tochi yake na mdomo wake. Kwenye simu alisema maneno machache tu: ameona tangazo, anataka kuja kuikagua.

"Ni jasho tu hilo," alisema Mpimaji. "Ina miaka thelathini na moja."

"Hata mimi nina thelathini na moja, mzee, na sivuji."

Bi Mkubwa lilikuwa jina la pikipiki ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni. Alipewa jina hilo na marehemu mke wa Mpimaji, ambaye alipoolewa alimkuta nyumbani. Enzi hizo Mpimaji alikuwa akizunguka kupima mashamba na barabara, na Bi Mkubwa hakumlaza njiani hata siku moja. Sasa amestaafu, na mwezi ujao anaoa tena.

Ndiyo maana anauza. Mchumba wake, mshonaji mfupi mwenye maneno mengi na watoto wakubwa ambao Mpimaji bado hajaonana nao, hakuwa ameambiwa habari za Bi Mkubwa. Mpimaji alikuwa akitafuta pa kuanzia. Siku moja wamesimama nje ya duka la mshonaji, pikipiki kubwa ikapita. Mshonaji aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea kwenye kona, kisha akasema, "Mimi nyuma ya pikipiki sikai, hata kwa dawa."

Mpimaji akacheka kwa adabu, akarudi nyumbani, akaandika tangazo. Roho ilimuuma kama anamfukuza ndugu yake, lakini alikuwa amekwisha kuchagua.

Dada alitoka chini, akavua glavu, akagusa injini.

"Ya moto. Umeiwasha kabla sijafika."

"Nilikuwa naipasha tu."

"Ulikuwa unaisitiri. Asubuhi inasumbua kuwaka, sivyo?"

Mpimaji alitazama pembeni. Kweli, hakutaka Bi Mkubwa aaibike mbele ya mgeni.

Tairi la nyuma lilikuwa na meno mazuri, lakini mpira wake ulikuwa umeanza kupasukapasuka kwa uzee. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama kahawa. Mnyororo peke yake ndio uliosifiwa, na Mpimaji akafurahi kupita kiasi.

Kisha dada akachomoa mfukoni futi ya kitambaa, ile ya mafundi wa nguo, akapima kutoka sakafuni hadi kiti cha mbele. Akasoma namba iliyoandikwa kiganjani mwake, akatikisa kichwa.

"Kiti hiki kinashushwa?"

"Kwa miguu hiyo yako?"

"Kuna watu wafupi duniani, mzee." Akabana mkono wa klachi. "Na hii ilegezwe kidogo. Haya, panda."

Mpimaji akarusha mguu kama enzi zake.

"Siyo hapo. Nyuma."

Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa pale. Alijikongoja, akajiweka, akashika vyuma vya pembeni, huku dada akichuchumaa kuangalia springi zinavyobonyea.

"Una kilo ngapi?"

"Hilo linahusu nini?" Maishani mwake yeye ndiye aliyezoea kupima.

"Magoti yanauma ukiyakunja hivyo? Mgongo je?"

"Dada, unanunua pikipiki au unaninunua mimi?"

Dada alicheka mpaka akajishikiza kwenye sanduku. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa. Mpimaji aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Lilikuwa lile tangazo alilolibandika kwenye duka la vipuri.

"Umelibandua?"

"Asije mtu mwingine."

"Basi unaichukua." Aliipapasa pikipiki ubavuni, hakujali kama anaonekana. "Asubuhi iwashe taratibu. Usiikaripie."

Dada alilichana tangazo vipande viwili na kuvitia kwenye mfuko wa shati la Mpimaji, pale pale alipokaa.

"Haiuzwi hii. Badilisha tairi na mafuta ya breki, na kiti cha mbele kishushwe kabla ya harusi," alisema. "Mama aliutambua mwandiko wako. Alikwambia nyuma hakai. Nyuma utakaa wewe, baba."