Sauti ya Dada Ukutani

Tangu nimwambie daktari kwamba natamani kufa, sheria imenipa ukuta unaoongea. Ndugu mmoja huazimisha sauti yake, na ukuta huitumia kunijulia hali. Aliyeazimisha ni dada yangu, Saumu. Tangu hapo yeye mwenyewe alikuwa amekata mguu, haji tena kwangu.

Jana, sikukuu ya Idi, alikuja na bakuli la visheti. Alipopiga hodi, ukuta ukamjibu kwa sauti yake mwenyewe: "Karibu!" Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Nilisubiri akae, nikamshika mkono, maana ukuta hauna mkono.

"Dada, yale mawazo yamerudi."

Uso ukamshuka. Akautazama ukuta kama mtu aliyemkuta yaya amesinzia.

"Kwani huyu hujamwambia?"

"Nakwambia wewe."

"Mimi nitasema nini, mdogo wangu? Mwenzangu kafundishwa."

Ndipo ukuta uliposema, kwa upole ambao Saumu hajawahi kuwa nao, "Niambie, mdogo wangu. Nipo hapa."

Saumu akashusha pumzi, akauchomoa mkono wake. Akaokota viatu vyake, akatoka akinyata, asije akatukatiza.