Wa Kumngoja Lutengano

Tarehe 9 Julai 2071, Tukuyu iliamkia ukungu na manyunyu. Lutengano, dereva wa bodaboda, alichagua dukani kielekeza-njia kisichoingiza maji, maana bila hicho pikipiki haikuruhusiwa barabarani.

"Sasa mlete wa kukungoja nyumbani," alisema muuzaji. "Sheria ndiyo hiyo, kaka. Kifaa hakiwaki mpaka aape kukungoja, mbele ya mashahidi."

"Mke wangu nilimzika Pasaka, dada."

"Basi oa upesi, mvua isikukute hapa!" alitania mteja mmoja. Hakuna aliyecheka.

Lutengano alisali kimoyomoyo, kisha akaweka kiganja juu ya kioo cha kifaa.

"Mimi Lutengano," alisema kwa sauti, "naahidi mbele yenu kumngoja Lutengano kila jioni, hata akichelewa."