Risasi Iliyoandikwa Peremende

Risasi aliyonipa Wendell ilikuwa nzito kuliko zile nyingine.

Asubuhi nzima tulikuwa tukicheka nyuma ya ghala la tumbaku, tukiupiga mlango wake kwa bunduki. Kaka yangu huyo alitoa marisau, vile vigololi vya chuma, kwenye risasi zake, akashindilia pipi, na kila ganda akaliandika aina ya pipi iliyomo. Za jeli ziliganda mlangoni kama makamasi. Za mdalasini zikawa vumbi jekundu.

Sasa alisimama mbele ya mlango uleule, hatua kumi kutoka kwenye bunduki yangu, akiwa na koti lake nene la kuwindia. Tangu amzike mkewe sikuwahi kumwona mchangamfu hivyo.

"Piga basi, mdogo wangu. Kentucky nzima hakuna aliyewahi kuuawa na peremende."

"Ngoja kidogo, kaka."

Niliigeuza ile risasi. Peremende, kwa mwandiko wake. Nikaichana mdomo kwa kisu.

Haikutoa harufu yoyote. Marisau ya kuulia kulungu yalinimwagikia kiganjani, meusi, ya baridi. Moja likaviringika hadi kwenye pete yangu, likatulia.

Nikainua macho. Wendell alikuwa hacheki tena. Alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vilikuwa vikifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.