Kirekebishi Tumboni mwa Gitaa

Tangu sheria ilipotaka kila gitaa lifungwe kirekebishi kinachonyoosha makosa ya vidole, mtaani hapakusikika tena noti mbovu. Lakini Kibwana, mpiga solo wa zamani, aliutamani mlio wa mkono wake mwenyewe. Akamsihi mkewe Tausi, fundi redio, akitoe.

Tausi alizifunga nyaya za ndani kwa uzi wa cherehani, akazivutia nje kupitia tundu la gitaa. Alikikata kirekebishi kutoka kwenye nyaya, akazilehemu upya, akazirudisha tumboni kwa uzi uleule.

Kibwana akapiga. Sauti zikajikwaa, zikagongana.

“Mama Chiku, umekosea kuunga.”

Tausi alijua hakukosea. Aliutazama mkono wa mumewe ukitetemeka juu ya nyuzi, akajiuliza umekuwa hivyo tangu lini.

“Kweli, Baba Chiku,” alisema, akakiokota kirekebishi. “Nimekosea.”