Kila Jumamosi Inavuja

Ilikuwa Jumamosi ya saba, na pikipiki ilikuwa imevuja tena.

Binti aliinusa petroli kabla hajaufikia mlango wa gereji. Alimkuta baba yake amepiga magoti, tochi mdomoni, anapapasa chini ya tangi. Tone lilijikusanya kwenye koki ya mafuta, likaning'inia, likadondokea kwenye karai. Helmeti, jaketi na glavu vilikuwa tayari juu ya kiti.

"Jana niliifuta kwa kitambaa cheupe," alisema baba, akiitoa tochi mdomoni. "Hakikutoka na doa."

"Pikipiki ya zamani hiyo, baba. Ina mambo yake."

"Si pikipiki." Aliizima tochi. "Ni mama yako. Hataki niende."

Hakuwa anatania. Kwa miaka ishirini na sita mama alikaa nyuma ya pikipiki ile, mikono kiunoni mwa mumewe, akibishana naye kuhusu ramani kwa sauti ya kushindana na upepo. Mwaka jana, kwenye kona iliyo juu ya bonde, gurudumu lilikanyaga kokoto. Baba aliinuka akajikung'uta vumbi. Mama hakuinuka. Pikipiki ilipata michubuko tu.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na watu wawili tu. Baba aliandaa vikombe vitatu. Katikati ya mazungumzo mara nyingi alinyamaza, akageuza kichwa kuelekea korido, kama mtu aliyeitwa. Binti naye, asubuhi nyingine, angeapa kwamba amemsikia mtu akikohoa kidogo kule gereji, kikohozi kilekile cha mama cha kutaka asikilizwe.

"Ikipona tu, namfuata mama yako," baba alikuwa amesema, kwa sauti ya mtu anayeaga kwenda dukani.

Binti alikuwa muuguzi. Utulivu wa namna ile alishausikia wodini, na aliuogopa kuliko kilio. Wiki ileile baba alimpa mdogo wake saa yake ya mkononi, kisha akamwonyesha binti bahasha yenye hati ya nyumba. Binti alimsihi, baba akampigapiga begani. Baba mdogo akaficha funguo. Baba akachongesha nyingine.

Ndipo binti alipotafuta njia yake.

Kila Ijumaa baba alitengeneza. Alibadilisha mpira wa mafuta, akabadilisha washa ya koki, akaifungua kabureta na kuisafisha mpaka ikang'ara. Jioni, akiwa ameridhika, alikwenda kuoga. Maji yakianza tu kumwagika bafuni, binti aliingia gereji, akafungua dirisha ili harufu ipate pa kutokea, akaweka spana kwenye nati ya koki, akailegeza nusu mzunguko. Basi. Akarudi jikoni kunawa mikono kwa sabuni na ndimu.

Kila mara alihisi mtu amesimama nyuma yake.

"Nisamehe, mama," alinong'ona bila kugeuka. Maana ni yeye aliyemfanya mama yake kuwa mzuka, kwa spana namba kumi.

Wiki ya nane mwenzake kazini aliugua, naye akapangiwa zamu mfululizo, Alhamisi hadi Jumamosi asubuhi. Alikataa, akabembeleza, akakosa wa kumshikia.

Ijumaa jioni baba alipiga simu.

"Leo nimeiweza, mwanangu. Nimeweka koki mpya kabisa. Haitoi hata jasho."

"Baba, nisubiri. Kesho saa nne niko hapo."

"Kazi njema," alisema baba. "Umekuwa mtoto mzuri sana." Akakata.

Jumamosi kulipopambazuka binti alipiga simu. Ikaita mpaka ikanyamaza. Akapiga tena, na tena, amesimama koridoni na sindano ya mgonjwa mkononi. Mwishowe akampigia seremala, jirani wa ng'ambo ya barabara.

"Mzee? Nimesikia injini yake alfajiri," alisema seremala kwa furaha. "Inanguruma kama mpya! Kweli mzee si mchezo."

Binti aliondoka na sare yake mwilini. Ndani ya teksi alizihesabu kona kutoka nyumbani hadi bondeni. Kumi na nne. Dereva alimuuliza kama anaumwa; akamwambia aongeze mwendo.

Geti lilikuwa wazi. Mlango wa gereji nao wazi.

Pikipiki ilikuwepo. Gurudumu la mbele lilielekea barabarani, masanduku ya pembeni yamefungwa kwa mikanda. Baba alikaa kwenye kreti, jaketi limefungwa hadi shingoni, helmeti mapajani. Chini ya tangi, koki mpya ilimeta. Tone lilijikusanya, likaning'inia, likadondoka.

"Imevuja tena," alisema baba.

Binti alijishika mlangoni. Aliitazama koki. Alitazama dirisha, lilikuwa wazi. Siku tatu hakuwa amekanyaga mle ndani. Safari hii hapakuwa na mkono wake. Nywele zilimsimama, na kabla hajajizuia, neno likamtoka:

"Mama?"

Baba aliigeuza mikono yake juu ya helmeti, akaviangalia vidole vilivyolowa petroli.

"Wiki hii hukuwepo," alisema polepole. "Ikabidi niilegeze mwenyewe."