Mtego wa Mtahini

Bibi mmoja alijitokeza barabarani akipunga mkono, na kinyozi akafunga breki vizuri, hata vumbi halikumfikia.

Moyoni alicheka. Mtego huo!

Mwezi uliopita, katika mtihani huu huu wa leseni ya pikipiki, alimhurumia mzee mwenye mkongojo, akampakia. Kufika uwanjani mzee akaruka chini, akautia mkongojo kwapani na kwenda kusimama kando ya mtahini.

"Anayejifunza habebi abiria," mtahini alisema. "Umefeli. Na huyu ni mjomba wangu."

Leo hapakuwa na mchezo. Mlezi wa mchumba wake alikuwa anafika kwa basi la jioni, kuja kumkagua bwana harusi. "Asipokupenda yeye, hakuna ndoa," mchumba alishamwonya. "Pata hiyo leseni, ukampokee kituoni. Umbebe kama yai."

"Mwanangu," bibi akasema, "miguu imeniishia. Nisogeze hapo mbele, kwa kinyozi."

Hata kazi yake wameichunguza!

"Kwa kinyozi? Unakwenda kunyoa ndevu, bibi?"

"Huna adabu wewe!"

"Na wewe unajua kuigiza. Huo mfuko una kitu kweli, au mmejaza magazeti?"

Mfuko ukajibu wenyewe: kuku alilia ndani. Kinyozi akatikisa kichwa kwa heshima. Mwezi uliopita hawakugharamika hivi.

"Kamwambie aliyekuleta hapa," akasema huku akiingiza gia, "leo hanipati ng'o!"

Mbele kidogo, mpira ulibingirika kutoka nyuma ya lori lililoegeshwa. Akasimama, akauacha upite, akaendelea zake.

Uwanjani mtahini alimpa mkono. "Umefaulu. Mpira umeuona mapema."

"Na yule bibi je? Yule kiboko! Ilibaki kidogo tu nimwonee huruma."

"Bibi gani?"

"Wa kuku."

"Mitego ya watu tumeacha, ndugu yangu. Tangu mjomba avunjike mguu kweli, tunatumia mpira tu."

Kinyozi alirudi dukani kwake polepole zaidi kuliko alivyoendesha kwenye mtihani. Mji una mabibi wengi, alijiambia. Na vinyozi tuko wengi.

Mlangoni akasikia kuku.

Kwenye kiti chake cha kunyolea alikaa yule bibi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mchumba alikuwa amepiga magoti, anamkanda visigino.

"Umefaulu?" mchumba akaruka kwa furaha. "Njoo umsalimie mlezi wangu! Kapanda basi la alfajiri, eti atushtukize."

Bibi akamtazama kinyozi kuanzia kofia hadi viatu, bila haraka. Kisha akamgeukia binti.

"Mjukuu wangu, njiani nilipewa ujumbe wako," akasema. "Huyu bwana anasema leo humpati ng'o."