Mguu wa Kushoto

Miezi mitatu Sikudhani alijifunza dansi ya swingi jikoni na dada yake Somoe: mguu mmoja nyuma, urudi, kisha hatua tatu za harakaharaka huku na tatu kule, magoti yamelegea. Somoe ndiye mkubwa, na katu hakukubali kuwa mwanamume, yule anayeongoza. Sikudhani akawa mwanamume, miezi yote mitatu.

Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa dansi, Bwana Kasembe, fundi saa mrefu kama mlingoti, kofia kichwani, alimwinamia.

"Tucheze, bibie?"

Bendi ilipoanza, Kasembe alirudisha mguu wa kushoto. Sikudhani naye akarudisha wa kushoto. Kwenye hatua tatu za pembeni kila mmoja akashika njia yake, mikono ikavutana kama kamba. Kasembe alipotaka kumzungusha, akakuta Sikudhani ameshauinua mkono wake juu ili amzungushe yeye. Meza ya jirani ikaangua kicheko.

Sikudhani alitamani sakafu immeze. "Niwie radhi, bwana. Nyumbani mwanamume ni mimi."

Kasembe alimtazama, kisha akabadilisha mguu, akarudisha wa kulia, wa mwanamke.

"Afadhali," alisema. "Miaka thelathini naongoza, sijawahi kuzungushwa hata mara moja."

Basi Sikudhani akasimama kwa ncha za vidole, akanyoosha mkono hadi mwisho wake. Kasembe akakunja magoti, akapita chini yake akizunguka taratibu. Alipotokea upande wa pili, kofia yake ilikuwa imebaki sakafuni, na hakuna kati yao aliyeachia mkono ili kuiokota.